Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kampuni ni nini kisheria, na ilitoka wapi

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kusajili kampuni, wanaogombana ndani ya kampuni, au waliorithi hisa wasijue la kuzifanyia. Ada, fomu na muda hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo nimeshika misingi inayokutwa karibu kila mahali, hasa katika nchi zilizofuata mfumo wa sheria wa Uingereza. Kwa jambo lako mahususi, kaa na wakili mwenye jalada lako mkononi.

Kampuni ni nini hasa?

Ni mtu. Hana damu wala nyama, lakini sheria inamtambua: ana jina, ana siku ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye cheti cha usajili, anamiliki mali, anadai na kudaiwa, anashtaki na kushtakiwa. Wanasheria husema kampuni ina nafsi yake ya kisheria, iliyo mbali na nafsi za wenye hisa. Watu wengi hulisikia hilo wakaitikia kwa kichwa, kisha kesho yake wakachota fedha za kampuni kulipia mambo ya nyumbani. Ndiyo maana nimelitanguliza. Karibu kila tatizo lililofika mezani kwangu lilianza pale mtu aliposahau kwamba yeye na kampuni yake ni wawili.

Nimesajili jina la biashara. Hiyo si kampuni?

Hapana. Jina la biashara ni jina tu, na nyuma yake upo wewe mwenyewe. Deni la biashara ni deni lako, na nyumba yako na akiba yako vyote vinaweza kuguswa. Ubia wa kawaida nao una hatari ya ziada: mbia mwenzako akiagiza mzigo kwa ajili ya biashara bila kukwambia, mwenye mzigo anaweza kukudai wewe deni zima, achilia mbali nusu. Mbia akifa, ubia huvunjika isipokuwa mlishakubaliana vingine.

Kampuni haivunjiki kwa sababu mwanahisa amefariki. Hisa zake zinakwenda kwa warithi, na mikataba, akaunti na leseni za kampuni zinabaki pale pale zilipokuwa.

Kampuni zilianzia wapi?

Zilianza kwa watu kuunganisha fedha kwa jambo ambalo mmoja peke yake asingeliweza, au asingethubutu. Wafanyabiashara wa Kiislamu walikuwa na mudharaba tangu zamani: mmoja anatoa mtaji, mwingine anasafiri na kufanya biashara, faida wanagawana kwa fungu walilopatana. Mali ikipotea bila uzembe, mwenye mtaji amepoteza mtaji na msafiri amepoteza jasho lake. Miji ya Italia kama Genoa na Venice ilikuwa na mkataba unaofanana sana na huo, uliotumika kwa safari moja moja za baharini. Ndani ya mipango hiyo tayari unaliona wazo litakalokuja kubadilisha dunia ya biashara: anayetoa fedha anaweza kuhatarisha kile tu alichokitoa.

Florence ilikuwa na njia nyingine. Familia kama Bardi na Peruzzi ziliendesha biashara na benki kwa ushirika ulioitwa kwa Kiitaliano kwa jina lenye asili ya Kilatini, maana yake watu wanaokula mkate pamoja. Neno letu kampuni ni mjukuu wa neno hilo. Waliokula mkate pamoja walilipa madeni pamoja, bila kikomo. Nyumba hizo mbili zilipoanguka katika miaka ya 1340, huku zikiwa zimemkopesha mfalme Edward III wa Uingereza fedha nyingi, anguko liliwafikia washirika hadi majumbani mwao.

Na hisa je? Nani alianza kugawa biashara mafungu?

Mfano wa zamani ulio na karatasi yake uko Uswidi. Mwaka 1288, hati moja inaonyesha askofu Peter wa Västerås akijipatia sehemu moja ya nane ya mgodi wa shaba wa Falun. Angalia kilichotokea hapo: mgodi haukukatwa vipande nane, ni haki tu iliyogawanywa. Huko Toulouse, Ufaransa, vinu vya kusaga nafaka vya Bazacle vilimilikiwa kwa mafungu yaliyouzwa na kununuliwa katika karne ya 14. Mimi huupenda sana mfano huu wa vinu, kwa sababu vilidumu. Baada ya karne nyingi vikawa biashara ya umeme, na ni mwaka 1946 tu serikali ya Ufaransa ilipovitaifisha. Wamiliki wa mwanzo walikuwa wamekufa zaidi ya miaka mia tano nyuma.

Kwa nini kila anayeeleza historia ya kampuni huitaja VOC ya Uholanzi?

Kwa sababu ndani yake vitu vingi tunavyovijua leo vilikutana mara ya kwanza kwa ukubwa ule. Kampuni hiyo ya biashara ya mashariki ilipewa hati na serikali ya Uholanzi tarehe 20 Machi 1602. Umma ulikaribishwa kuandikisha mtaji, na jumla yake ikafika karibu gilda milioni 6.4. Amsterdam peke yake walijiandikisha watu 1,143. Uandikishaji ulifanyika nyumbani kwa mfanyabiashara Dirck van Os, na mmoja wa waliojiandikisha alikuwa mtumishi wa ndani wa nyumba hiyo hiyo, Neeltgen Cornelis, aliyeweka gilda 100. Nikifikiria jinsi mwanamke yule alivyosimama mbele ya daftari siku ile, katikati ya matajiri wa mji, naona maana ya hisa kuliko ninavyoiona katika kifungu chochote cha sheria.

Mwanzoni ilipangwa kwamba baada ya miaka 10 hesabu zifungwe na wenye fedha warudishiwe. Haikuwa hivyo. Mtaji ukabaki ndani ya kampuni, na aliyetaka fedha zake akalazimika kumtafuta wa kumuuzia hisa. Uuzaji uliandikwa kwenye daftari la kampuni mbele ya mhasibu. Hapo ndipo soko la hisa la Amsterdam lilipozaliwa: mtaji unakaa, wenyewe wanabadilishana.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilitangulia kidogo, kwa hati ya malkia Elizabeth I ya tarehe 31 Desemba 1600, lakini kwa miongo kadhaa mtaji wake ulichangwa kwa safari au kwa kipindi. Mtaji wa kudumu ulikuja mwaka 1657. Nasema wazi pia kwamba kampuni hizi mbili zilikuwa na majeshi, zilipigana vita na kutawala watu. Ile ya Uingereza ilitawala sehemu kubwa ya India hadi mwaka 1858. Barani Afrika wakoloni walirudia njia hiyo hiyo ya kutawala kwa hati za kampuni katika miaka ya 1880. Historia ya kampuni ina damu ndani yake, na anayefundisha somo hili asiiruke sehemu hiyo.

Ni kweli kuna wakati kampuni zilipigwa marufuku?

Karibu na hivyo. Uingereza mwaka 1720, hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilianza mwaka zikiwa karibu pauni 128, kiangazi zikakaribia 1,000, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa chini ya 200. Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyokataza watu kujifanya kampuni ya hisa bila hati ya mfalme au sheria ya Bunge. Wengi hudhani sheria hiyo ilikuja kama dawa baada ya anguko. La, ilipitishwa mwezi Juni, bei zikiwa bado zinapanda, na Kampuni ya Bahari ya Kusini yenyewe ilinufaika kwa kuondolewa washindani wanaogombea fedha zile zile.

Sheria hiyo ilidumu hadi 1825. Wafanyabiashara hawakukaa wakisubiri. Waliandika hati ndefu za amana, wakakabidhi mali kwa wadhamini, wakaendesha kitu kinachofanana na kampuni bila jina hilo. Wenye mifereji na reli walikwenda bungeni kuombewa sheria mahususi, kila kampuni na sheria yake.

Lini basi mtu wa kawaida akaruhusiwa kusajili kampuni bila kumwomba mfalme?

Jimbo la New York lilifungua mlango mwaka 1811: watu watano au zaidi wangeweza kuanzisha kampuni ya kiwanda kwa kuwasilisha hati, mtaji usizidi dola 100,000 na uhai usizidi miaka 20. Uingereza ilifuata kwa hatua. Mwaka 1844 ukaja usajili, lakini wanahisa waliendelea kubeba madeni yote. Mwaka 1855 ikaja dhima yenye ukomo. Mwaka 1856 ikatosha watu saba kutia sahihi hati moja, na sheria ya 1862 ikayakusanya yote pamoja. Ufaransa iliacha kudai kibali cha serikali mwaka 1867, Ujerumani mwaka 1870. Ujerumani hiyo hiyo ikabuni mwaka 1892 kampuni nyepesi kwa ajili ya biashara ndogo na za kati, na nchi nyingi zikaiga.

Haya ni mageuzi makubwa mno, ingawa yanaonekana kama mabadiliko ya fomu. Kampuni ilikuwa fadhila ya mtawala. Ikawa haki ya yeyote anayetimiza masharti.

Dhima yenye ukomo maana yake nini?

Kwamba kampuni ikishindwa kulipa, wewe mwanahisa unapoteza ulichowekeza, pamoja na kile ulichoahidi kulipia hisa na hujakilipa. Basi. Ukichukua hisa za 1,000 ukalipa 600, mfilisi, yaani anayekusanya mali ya kampuni iliyoshindwa ili kulipa wadai, anaweza kukudai 400 zilizobaki na si zaidi. Kampuni yenyewe haina ukomo wowote. Inadaiwa hadi senti yake ya mwisho, kwa hiyo kikomo ni chako wewe.

Ukitaka kujua thamani ya jambo hili, tazama waliolikosa. Benki ya City of Glasgow huko Scotland ilianguka Oktoba 1878, na haikuwa na ukomo wa dhima. Wanahisa walitakiwa kwanza kulipa pauni 500 kwa kila pauni 100 za hisa walizokuwa nazo. Fedha hazikutosha, wakatakiwa walipe nyingine 2,250. Walikuwemo watu waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni, na wadhamini walioshika hisa kwa ajili ya watoto wa wengine. Wengi wao walifilisika. Wakurugenzi walifungwa, lakini kufungwa kwao hakukumrudishia mtu nyumba yake.

Lakini benki ilichukua nyumba ya jirani yangu kwa deni la kampuni yake. Imekuwaje?

Karibu hakika alitia sahihi udhamini binafsi. Mkopeshaji anajua kampuni changa haina mali ya kutosha, kwa hiyo anaomba mwenye kampuni asimame nyuma yake. Karatasi hiyo mara nyingi huja mwishoni mwa bunda, siku ile ile ya kutia sahihi, mtu akiwa amechoka na kalamu iko mkononi. Itafute. Soma mstari ulio juu ya nafasi ya sahihi. Ukikuta maneno “kwa niaba ya” yakifuatwa na jina la kampuni, anayefungwa ni kampuni. Ukikuta jina lako, namba ya kitambulisho chako na anwani ya nyumbani, anayefungwa ni wewe. Uliza kama udhamini una kiwango cha juu, na kama unaisha mkopo huu ukilipwa au unaendelea kwa mikopo ijayo. Nimekutana na watu waliouza hisa zao zote, wakaondoka kwenye kampuni, na miaka baadaye wakadaiwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufuta.

Kesi ya Salomon ni ipi, na mbona inatajwa kila mahali?

Aron Salomon alitengeneza viatu vya ngozi mashariki mwa London, na biashara yake ilikuwa nzuri. Mwaka 1892 aliiuza kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Sheria ilidai watu saba, akawapata nyumbani: yeye, mkewe, na watoto watano, kila mmoja wa hao sita akiwa na hisa moja. Salomon mwenyewe alikuwa na 20,001. Sehemu ya bei ya biashara hakulipwa taslimu, alipewa hatifungani, yaani hati za deni, za pauni 10,000, zenye dhamana juu ya mali ya kampuni.

Migomo ikaikumba biashara ya viatu, na kampuni ikaanguka ndani ya muda mfupi. Wenye dhamana hulipwa kwanza, kwa hiyo wadai wa kawaida walikuwa hatarini kubaki mikono mitupu. Mfilisi akasema kampuni hii ni kiini macho, Salomon ndiye kampuni, na alipe madeni. Mahakama mbili zikamkubalia. Lakini mabwana wa Mahakama ya Juu kabisa, mwezi Novemba 1896, walikataa kwa kauli moja. Kampuni imesajiliwa kwa mujibu wa sheria, sheria haikusema hao saba wasiwe ndugu, wala haikusema kila mmoja awe na hisa nyingi. Kwa hiyo kampuni ni mtu mwingine, na Salomon hakuwa wakala wake wala mdhamini wake. Wakati huo Salomon mwenyewe alikuwa ameshakuwa fukara. Alikata rufaa kwa njia iliyotengewa wasio na uwezo.

Wapo wanaoona uamuzi huo uliwaonea wadai. Mimi nauona ni sahihi, kwa sababu hati za dhamana zilikuwa wazi kwa yeyote kuzikagua, na biashara haiwezi kukaa juu ya kanuni inayobadilika kulingana na huruma ya jaji wa siku hiyo. Lakini naelewa uchungu wa aliyeuza ngozi kwa mkopo.

Nina hisa zote. Si basi mali ya kampuni ni yangu?

Si yako. Bwana Macaura, mwenye msitu Ireland ya Kaskazini, aliiuzia kampuni yake mbao zote zilizokatwa, akalipwa kwa hisa, kisha akazikatia bima kwa jina lake mwenyewe. Moto ukazila. Kampuni za bima zikakataa kulipa, na mwaka 1925 mahakama ikaziunga mkono: mbao zilikuwa za kampuni, na mwenye hisa hana maslahi ya kisheria katika ubao hata mmoja.

Nakumbuka familia moja iliyofika na bahasha ya kaki baada ya mazishi ya baba yao. Walikuwa wameshagawana kwa maneno: gari kwa mkubwa, kiwanja kwa wa pili, mashine kwa mdogo. Tukafungua hati moja baada ya nyingine, na kila mahali palipoandikwa mmiliki palikuwa na jina la kampuni. Mama yao aliishika kadi ya gari kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kilichokuwa kwenye mirathi ni hisa tu, na daftari la wanahisa lilikuwa halijulikani liliko. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Ilituchukua miezi mingi kulipata daftari hilo na kurekebisha kumbukumbu, na katika miezi yote hiyo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuuza hata tairi.

Naweza kuajiriwa na kampuni yangu mwenyewe?

Ndiyo. Geoffrey Lee wa New Zealand alikuwa na hisa 2,999 kati ya 3,000 za kampuni ya kunyunyizia mashamba mbolea kwa ndege. Alikuwa mkurugenzi pekee wa uendeshaji, na pia rubani wake. Alikufa kazini kwa ajali ya ndege mwaka 1956. Rufaa ilipofika London mwaka 1960, mjane wake alishinda: Lee aliyekuwa mkurugenzi aliweza, kwa niaba ya kampuni, kumwajiri Lee aliyekuwa rubani. Fidia ya mfanyakazi ikalipwa. Ila mkataba wa ajira uandikwe, na mshahara upite kwenye vitabu.

Mahakama inaweza kuipuuza nafsi ya kampuni na kumfuata mwenye kampuni moja kwa moja?

Inaweza, lakini kwa nadra. Wanasheria huita kufunua pazia la kampuni. Mwaka 1933 meneja wa zamani wa kampuni ya magari alikuwa amefungwa na mkataba asiwafuate wateja wa mwajiri wake. Akaanzisha kampuni kwa jina la mkewe ili iwafuate kwa niaba yake. Mahakama iliwazuia wote wawili, yeye na kampuni. Mwaka 1962 mtu aliyekwisha kukubali kuuza nyumba akaihamishia kwenye kampuni yake ili kumkwepa mnunuzi. Akaamriwa aikabidhi.

Kinachounganisha kesi hizo ni kwamba wajibu ulikuwepo kwanza, kisha kampuni ikaletwa kuukwepa. Kufilisika kwa biashara iliyoendeshwa kwa uaminifu hakufunui pazia. Lakini sheria nyingi zinawabana wakurugenzi kwa njia yake ya pembeni: anayeendelea kukopa akijua hakuna tumaini la kulipa anaweza kuamriwa achangie madeni kutoka mfukoni mwake.

Mwanahisa na mkurugenzi wanatofautianaje?

Mwanahisa ana fungu katika kampuni. Mkurugenzi ana kazi katika kampuni. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, na katika kampuni ndogo ndivyo ilivyo, lakini kila kofia ina sheria zake. Mwanahisa anapiga kura kwa faida yake mwenyewe na hakuna kosa. Mkurugenzi lazima aamue kwa manufaa ya kampuni, kwa nia njema, kwa uangalifu wa mtu anayeijua kazi, na bila kujiweka mahali ambapo maslahi yake yanagongana na ya kampuni. Kampuni ikitaka kukodi jengo la shemeji yako, sema mbele ya bodi, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na katiba ikikutaka usipige kura, usipige.

Wanahisa hawaendeshi biashara siku kwa siku. Hata mwenye hisa nyingi hana haki ya kuingia stoo na kutoa amri. Nguvu yake iko kwenye mkutano mkuu, ambako anaweza kumwondoa mkurugenzi.

Tuko wawili, tunagawana hisa nusu kwa nusu. Hilo ni sawa?

Ni haki kwa macho, na ni hatari kwa matumizi. Maamuzi ya kawaida yanahitaji kura zaidi ya nusu. Mkikosana, hakuna mwenye zaidi ya nusu, na kampuni inasimama kama gari lililokwama matopeni: mishahara haiidhinishwi, mkurugenzi hateuliwi, benki inaona sahihi mbili zisizokubaliana. Nawasihi wote wanaoanza hivi waandike makubaliano ya wanahisa wakiwa bado wanapendana: nani ataamua mkikwama, hisa zitathaminiwaje mmoja akitaka kutoka, na mmoja akifa nani ana haki ya kuzinunua kwanza. Mazungumzo hayo yana aibu kidogo. Yafanyeni.

Katika nchi nyingi zilizofuata mfumo wa Uingereza, mambo mazito kama kubadili katiba yanahitaji robo tatu ya kura. Kwa hiyo mwenye zaidi ya robo ana uwezo wa kuzuia, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kugawa hisa za “shukrani” huku na kule.

Mwenye hisa chache akionewa, ana pa kwenda?

Anapo, ingawa mlango ulikuwa mwembamba kwa muda mrefu. Mwaka 1843, katika kesi ya Foss dhidi ya Harbottle, wanahisa wawili walilalamika kwamba wakurugenzi waliiuzia kampuni ardhi yao kwa bei ya kupandisha. Mahakama ikasema aliyeumizwa ni kampuni, kwa hiyo ni kampuni ishtaki. Unaona tatizo: wanaoamua kama kampuni ishtaki ni wale wale wanaotuhumiwa. Ndiyo maana sheria za baadaye zimempa mwanahisa mdogo njia ya kushtaki kwa niaba ya kampuni kwa idhini ya mahakama, na njia ya kulalamika kwamba mambo yanaendeshwa kwa kumwonea. Nafuu inayotolewa mara nyingi ni kuamuru wakubwa wanunue hisa zake kwa bei ya haki. Anayefikiria kwenda huko aanze kutunza barua na taarifa za mikutano leo.

Katiba ya kampuni ina kazi gani?

Inaweka kanuni za ndani: mikutano, akidi, kura, uteuzi wa wakurugenzi, uhamishaji wa hisa. Zamani madhumuni yaliyoandikwa humo yalifunga kabisa. Mwaka 1875 kampuni iliyoundwa kutengeneza mabehewa ilionekana haikuwa na uwezo wa kuingia mkataba wa kujenga reli Ubelgiji, na hata wanahisa wote wangekubali, mkataba ulikuwa batili. Nchi nyingi zimelegeza hilo sasa. Hata hivyo, usinakili katiba ya rafiki yako bila kuisoma.

Kampuni binafsi na kampuni ya umma?

Kampuni binafsi haiuzi hisa kwa umma, na kwa kawaida inazuia uhamishaji wake. Ya umma inaweza kuutangazia umma hisa zake, na kwa hilo inabanwa zaidi katika kutoa taarifa na kukaguliwa hesabu. “Ya umma” hapa haina maana ya kumilikiwa na serikali.

Gawio hulipwa lini?

Kukiwa na faida, na likitangazwa kwa utaratibu. Kulipa gawio kutoka kwenye mtaji kumekatazwa, kwa kuwa mtaji ndio wadai wanaoutegemea. Mwaka kuwa na fedha benki si sawa na mwaka kuwa na faida. Fedha hizo zinaweza kuwa mkopo.

Kampuni hufa vipi?

Kwa kufilisiwa au kufutwa kwenye daftari la msajili. Katika ufilisi, mfilisi hukusanya mali na kulipa kwa zamu: wenye dhamana huchukua kwenye kile kilichowekwa dhamana, gharama za ufilisi zinatolewa, hufuata madeni yenye kipaumbele kama mishahara, kisha wadai wa kawaida, na mwisho kabisa wanahisa. Mpangilio hasa hutegemea nchi, lakini mwanahisa huwa wa mwisho.

Kufutwa ni jepesi zaidi, na ndiko watu wanakoumia kimya kimya. Mtu anaacha kuwasilisha taarifa za mwaka kwa kuwa biashara imelala, msajili anatoa notisi kwa anwani ya zamani, hakuna anayejibu, jina linafutwa. Siku hiyo kampuni haipo tena, na mali iliyokuwa kwa jina lake, iwe salio benki au kiwanja, katika nchi nyingi inakwenda serikalini. Kabla ya kuomba kufutwa, hamisha kila hati na ufunge kila akaunti. Kama limeshatokea, omba kampuni irudishwe kwenye daftari. Maombi hayo yana ukomo wa muda, kwa hiyo tazama kwanza tarehe ya kufutwa.